Neno MAHAKAMA limetoka wapi? Na DAGASHIDA je?

Huku mtaani Bariadi "nitakupeleka mahakamani" tunaisikia kila siku, ila ukiuliza neno lenyewe lina maana gani, wengi watakwambia linatokana na "haki". Sio kweli. Mimi ni Form Four tu, sio mwanasheria, ila nimelifuatilia.

MAHAKAMA ni neno la Kiarabu, mahkama. Mzizi wake ni h-k-m, kuamua au kutawala. Humo humo ndimo walimotoka hakimu, hukumu na hekima. Ile "ma" ya mwanzo sio ya wingi kama kwenye "matunda". Kwa Kiarabu inaonyesha mahali, kama kwenye madrasa na maktaba. Kwa hiyo mahakama ni mahali pa kutolea hukumu.

HAKI imetoka kwenye haqq, yaani ukweli, au kile mtu anachostahili. Mzizi mwingine kabisa!

KORTI tumeipata kwa Waingereza. Kenya wanaitumia sana kwenye maongezi.

DAGASHIDA ndiyo yetu Wasukuma. Ni mkutano mkubwa wa jamii: unatunga sheria za kijiji na kusikiliza makosa, mfano wizi wa ng'ombe au kuchungia kwenye ngitili ya mwenzio. Adhabu ni faini, na ukikaidi unatengwa. Kutengwa sio mchezo jamani, kijijini utaishi na nani?

Hapa ndipo ilipo tofauti. Katiba ya 1977, ibara ya 107A, inasema mwenye kauli ya mwisho ya utoaji haki ni Mahakama. Na ibara ya 13 inakupa haki ya kusikilizwa na kukata rufaa. Ukishindwa Mahakama ya Mwanzo unakwenda ya Wilaya, halafu Mahakama Kuu, mpaka Mahakama ya Rufani. Ukitengwa na dagashida kwa kusingiziwa, utakata rufaa wapi?

Lakini dagashida nayo ina sifa yake: kila mtu anaelewa kinachosemwa. Mahakama za juu ziliandika hukumu kwa Kiingereza miaka mingi, mpaka mwaka 2021 sheria ilipobadilishwa na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Mtu unafungwa kwa lugha usiyoijua, hiyo nayo ni haki?

Wadau wa Itilima, Maswa, Meatu na Busega, kwenu dagashida bado inakaa? Tiririkeni hapo chini.