Mkia Usiotajwa: Kutafsiri "chicken out" kwa Msomaji wa Mbulu na Hanang

Mwanafunzi wa Dongobesh, wilayani Mbulu, au Katesh, wilayani Hanang, akiuliza maana ya "chicken out", kitenzi cha mazungumzo cha Kiingereza, jibu la haraka ni kuogopa. Halitoshi. Anayeogopa huenda hakuahidi lolote. Kitenzi hiki kwa kawaida kinamhusu aliyekwisha kusema atafanya jambo, kisha woga ukamrudisha nyuma saa ile ile ya kulifanya. Kughairi nako hakuhitaji woga: mtu hughairi hata kwa sababu ya mvua. Kwa maoni yangu, kilicho karibu zaidi ni kuufyata.

Kiambishi u hapo ni cha mkia, ambao msemaji hautaji. Kiswahili cha mitaani kina ukoo mzima wa vitenzi hivi: kuuchuna ni kunyamaza makusudi, kuzichapa ni kupigana, kuutwika ni kulewa. Nomino imeachwa, kiambishi kimebaki, na ndicho kinachobeba maana pamoja na ladha ya kijiweni. Kiingereza kimeipa "out" kazi inayokaribiana na hiyo. Kuufyata kuna utata, hata hivyo, kwani u yake yaweza pia kuwa ya ulimi, na ndiyo maana neno hilo humtaja pia aliyefunga mdomo mbele ya mwenye nguvu. Muktadha ndio huamua.

Kwa mzungumzaji wa Kiiraqw, lugha ya wengi wa Mbulu, kipashio kidogo kuongoza kitenzi si jambo geni. Sarufi ya lugha hiyo iliyoandikwa na mwanaisimu Maarten Mous mwaka 1993 inaeleza vipashio vifupi vinavyotangulia kitenzi na kuonyesha mwelekeo, chombo, sababu au chanzo; kimojawapo, ni, huleta tendo upande wa msemaji. Somo lianzie hapo. Tofauti isifichwe, hata hivyo: kipashio ni huonyesha mwelekeo waziwazi, ilhali "out" haimtoi kuku popote.

Na kwa nini kuku? Methali ya Kiswahili imempa woga kunguru, tena kwa kumsifu, maana huuokoa ubawa wake. Kiingereza kinamcheka kuku wake. Hanang woga una uzito mwingine kabisa. Mwanaanthropolojia George Klima, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu Wabarabaig wa huko, alieleza jinsi kijana aliyemuua simba alivyohesabiwa shujaa na kuzawadiwa ng'ombe na jamaa zake. Katika msako wa simba, anayerudi nyuma anawaacha wenzake mbele ya makucha, na neno la utani litamdhulumu msomaji anayeijua hatari hiyo.

Kwa hiyo sikubali tafsiri moja ya kudumu. Vijana wakitaniana kwa sababu mmoja wao ameogopa kuruka mtoni, ningeandika ameufyata. Katika simulizi ya simba ningeandika amewakimbia wenzake, ingawa Kiingereza kimetumia kitenzi kile kile.