Kitabu kilichomtetemesha malkia wa Urusi

Mchana wa Jumapili yenye joto kali, msafiri aliyetoka St. Petersburg kwenda Moscow anamkuta mkulima shambani, akilima kwa plau la farasi. Anashangaa: leo si siku ya ibada? Mkulima anamweleza kwamba siku sita za juma anamlimia bwana wake. Ili watoto wake wale, zimebaki Jumapili na usiku.

Kisa hicho kimo katika kitabu cha safari cha Alexander Radishchev, ofisa wa forodha wa St. Petersburg. Mwaka 1790 alikichapa nyumbani kwake, kwa mtambo wake mwenyewe, bila kuweka jina la mwandishi.

Elimu yake ilitoka mikononi mwa Malkia Catherine II. Mwaka 1766 ndiye aliyempeleka Leipzig, Ujerumani, pamoja na vijana wengine wa kikabaila, wakasomee sheria. Enzi hizo malkia alikuwa akiandikiana barua na Voltaire, na mwongozo wake wa sheria wa mwaka 1767 ulichota mengi kwa Montesquieu. Mwanasheria Mrusi Semyon Desnitsky naye, aliyemsikiliza Adam Smith huko Glasgow, alirudi kufundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Moscow.

Kisha yakaja Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789, na malkia akaanza kuziogopa fikra hizo. Alikisoma kitabu cha Radishchev kalamu mkononi, akijaza pambizo maneno ya hasira. Alimwona Radishchev kuwa mwasi kumzidi Pugachev, aliyeongoza uasi mkubwa wa 1773 hadi 1775. Mwandishi alihukumiwa kifo, kisha adhabu ikageuzwa kuwa miaka kumi uhamishoni Ilimsk, Siberia. Mwaka 1792 mchapishaji Nikolai Novikov naye akatiwa gerezani.

Lakini maji yaliyomwagika hayazoleki. Wasomi walikinakili kitabu kwa mkono na kupeana kwa siri. Tarehe 14 Desemba 1825, maofisa wa jeshi waliotaka katiba na kukomeshwa kwa utwana, yaani wakulima kumilikiwa na mabwana wao, waliasi katika Uwanja wa Seneti, St. Petersburg. Watano walinyongwa. Mwaka 1858 mwandishi Mrusi Alexander Herzen alikichapa kitabu hicho London, na mwaka 1861 utwana ukafutwa.

Wengi walivisoma vitabu vya Ufaransa na Ujerumani kabla ya Radishchev. Yeye, katika kitabu chake, aliteremka garini, akamuuliza mkulima anapataje chakula cha familia yake, akayapima aliyoyasoma kwa majibu hayo. Hapo ndipo fikra za uhuru zilipoota mizizi katika ardhi ya Urusi.