Kuua kelele kwa kelele: kutoka Ujerumani 1933 hadi chumbani Mbagala

Kama umewahi kupanga chumba Mbagala au Tandale, unaijua jenereta ya jirani. Umeme ukikatika tu, nayo inanguruma. Wewe kesho una mtihani. Utafanyaje?

Mwaka 1933, Mjerumani Paul Lueg aliomba hataza ya wazo la ajabu: kuua sauti kwa sauti. Sauti ni hewa inayobanwa na kuachiwa. Ukitoa sauti ya pili inayoachia pale ya kwanza inapobana, zikikutana zinafutana. Marekani ilimpa hataza mwaka 1936, ila vifaa vya wakati ule havikuliweza wazo hilo.

Mwaka 1960, Bernard Widrow na mwanafunzi wake Ted Hoff, wa Chuo Kikuu cha Stanford, walitoa kanuni inayoitwa LMS. Mashine inapima kosa lililobaki, inajirekebisha kidogo, inapima tena. Mwaka 1975 Widrow na wenzake wakaitumia kuondoa mapigo ya moyo wa mama ili ya mtoto tumboni yaonekane. Na Hoff? Ndiye huyo huyo mmoja wa waliobuni prosesa ya Intel 4004 ya mwaka 1971, babu wa prosesa iliyo kwenye kompyuta yako.

Basi nikasema: kompyuta ninayo, maikrofoni ninayo, spika ninazo. Nikajaribu. Kelele zikazidi!

Kosa liko wapi? Kompyuta ya nyumbani haishughulikii sauti papo hapo, inakusanya sampuli kwanza. Sampuli 256, kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde, ni karibu milisekunde 6. Kufikia hapo sauti imeshasafiri mita 2. Imekupita! Hedfoni zinafaulu kwa sababu maikrofoni iko sikioni na saketi yake haisubiri.

Ila usikate tamaa. Injini ya jenereta ndogo mara nyingi huzunguka kama mara 3,000 kwa dakika, na mngurumo wake unajirudia. Kinachojirudia kinatabirika, kwa hiyo hata kompyuta inayochelewa inaweza kukisia mzunguko ujao. Honi ya bodaboda haikisiwi.

Nilipoiacha ikisie, mngurumo mzito ulipungua kweli, lakini pale tu kichwa changu kilipokuwa. Nikiinamia daftari, unarudi. Usiku ule nilisoma nimekaa wima kama askari wa gwaride, namshukuru Lueg na kumlaumu jirani.