Upumuaji wa Seli na Mtungi wa Urwagwa

Istilahi upumuaji wa seli hutaja mlolongo wa mabadiliko ya kikemia ambayo kwayo seli huvunjavunja chakula, hasa sukari iitwayo glukosi, na kuinasa nishati iliyomo. Neno lenyewe limejengwa juu ya kitenzi pumua, nduguye pumzi na pumzika, na hapo ndipo utata unapoanzia, kwa kuwa msomaji hukifikiria kifua kinachopanda na kushuka, ilhali seli haina pua wala mapafu. Mjini Kamembe, wilayani Rusizi, ambako Kiswahili hukutana na Kinyarwanda, neno guhumeka nalo huanzia kifuani vilevile.

Kuvuta hewa ni uchukuzi tu: oksijeni huingia katika damu, nayo damu huifikisha kwenye seli. Humo glukosi hukatwa kwanza vipande viwili katika ute wa seli, kisha vipande hivyo humaliziwa ndani ya vijiungo viitwavyo mitokondria, ambako elektroni zake hupokewa na oksijeni na maji yakapatikana, huku kabonidayoksaidi ikitolewa. Kwa njia hiyo molekuli moja ya glukosi huzalisha takriban molekuli 30 za ATP, kemikali ambayo msuli au neva huitumia papo hapo.

Mtungi wa urwagwa, pombe ya ndizi ya Rwanda, una hesabu nyingine. Ndizi mbivu hukamuliwa, maji yake yakachanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, kisha yakafunikwa kwa siku kadhaa. Oksijeni ikiisha, chachu huendelea kuishi kwa kuikata glukosi na kuambulia ATP 2 tu, na masalia yakawa alkoholi pamoja na gesi inayotoa povu. Kazi hii ina jina lake zuri, uchachushaji, na vitabu vinavyoiita upumuaji bila oksijeni huchanganya mambo mawili, maana upumuaji wa namna hiyo upo kweli, nao ni ule ambao elektroni hupokewa na kitu kingine badala ya oksijeni.

Mfano wake haupo mbali. Katika Ziwa Kivu, chini ya kina cha mita 60 hivi, oksijeni haifiki kabisa, na baadhi ya vijidudu vya humo huzipeleka elektroni kwa kabonidayoksaidi na kuzalisha methani, ile gesi inayovutwa ziwani kuendeshea mitambo ya umeme. Vijidudu hivyo, ambavyo oksijeni ni sumu kwao, kwa maana kamili ya istilahi vinapumua.