Kutoka Santuri hadi Simu: Vyombo Vilivyoupa Muziki wa Dar es Salaam Umbo Lake

Historia ya muziki wa Dar es Salaam husimuliwa kwa majina ya watunzi, waimbaji na bendi. Vyombo vilivyoubeba muziki huo hutajwa kwa kupita tu, ilhali ndivyo vilivyoamua wimbo uwe mrefu kiasi gani, nani ausikie na nani alipwe. Kariakoo, ambako vyombo hivyo vimeuzwa na kutengenezwa kizazi baada ya kizazi, ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili.

Tuanze na santuri. Mwaka 1928 mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alitoka Zanzibar kwenda Bombay kurekodi, na santuri zake zikaenea pwani nzima. Upande mmoja wa santuri za wakati ule ulibeba takriban dakika tatu, hivyo taarabu iliyozoea kukesha ikabidi ifupishwe. Baadaye bendi za dansi zilizorekodi Nairobi zilikuta kikwazo hichohicho: wimbo mrefu uligawanywa, sehemu ya kwanza upande mmoja, ya pili upande wa nyuma. Msikilizaji aliinuka katikati ya wimbo kuigeuza santuri.

Tepu kubwa za Redio Tanzania Dar es Salaam ziliondoa kikwazo hicho. Kituo hicho, kilichotokana na Sauti ya Dar es Salaam ya mwaka 1951, kilirekodi bendi katika studio zake, kwa kuwa nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Tepu iliwapa wanamuziki nafasi. Bendi ya DDC Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978, iliweza kusimulia kisa hadi mwisho, kisha ikaachia chemko, yaani sehemu ya kasi ya kuchezea, magitaa na matarumbeta yakipokezana, kama ilivyokuwa ukumbini. Asiye na kiingilio cha ukumbi wa DDC Kariakoo aliupata muziki uleule nyumbani kwake kwa betri za redio.

Kisha ikaja kaseti, na msikilizaji akawa mrekodi. Kaseti ya dukani ilikuwa imevunjwa vijino viwili mgongoni ili isirekodiwe tena. Watu waliziba matundu yale kwa karatasi iliyokunjwa, wakasubiri kipindi cha salamu, wakabonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Utepe ukilegea, ulikazwa kwa kalamu ya wino. Kwa njia hiyo muziki uliopigwa redioni ulisafiri kwenye mabasi hadi mikoani, bila mtunzi kupata senti. Kaseti hiyohiyo iliwainua vijana wa Bongo Fleva: hawakuhitaji bendi wala ala, bali studio ndogo na msambazaji wa Kariakoo wa kutoa albamu. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ilikuja wakati kunakili kumeshakuwa biashara kamili.

Simu ikaivunja albamu. Katika mitaa ya Aggrey na Likoma ya Kariakoo, penye maduka ya simu, kadi ya kumbukumbu ndogo kama ukucha ilibeba nyimbo ambazo zamani zingejaza kabati. Kijana mwenye kompyuta alikujazia ulizotaka, moja moja, kwa malipo kidogo. Msanii naye akaanza kutoa wimbo mmoja mmoja, na kiitikio kikapewa uzito mpya, kwa sababu kipande hicho ndicho kilichouzwa kama mwito wa simu.

Kwa hiyo tunapohifadhi urithi huu, kunakili sauti peke yake hakutoshi. Anayesikia wimbo wa dakika nane kwenye simu hajui kwamba tepu ndiyo iliyouruhusu uwe hivyo. Makumbusho na maktaba zetu zikusanye pia mashine za tepu, redio kaseti, majalada na kadi, na ziandike maarifa ya mafundi wa Kariakoo wanaojua kuzifufua. Mafundi hao wanazeeka, na tepu nyingi haziwezi kusikika bila wao. Kazi hiyo ianze sasa.