Mizizi ya meno hutofautiana, mfereji uliosahauliwa huleta maumivu upya

MGONJWA aliyetibiwa mzizi wa jino hushangaa maumivu yanaporejea miezi kadhaa baadaye. Mojawapo ya sababu ni mfereji ambao daktari hakuuona.

Ndani ya kila mzizi mna mfereji mwembamba, au zaidi ya mmoja, unaopitisha mishipa ya damu na ya fahamu. Jino linapooza hadi kwenye kiini, mifereji hiyo husafishwa kisha ikazibwa. Hata hivyo, idadi yake hutofautiana baina ya watu.

Gego la kwanza la taya la juu kwa kawaida huwa na mizizi mitatu, lakini mmojawapo, ulio upande wa shavu, mara nyingi huwa na mifereji miwili. Gego la kwanza la taya la chini huwa na mizizi miwili. Miongoni mwa watu wa Asia Mashariki, mzizi wa tatu si jambo la nadra. Mnamo 1984, mtafiti Vertucci wa Marekani aliigawa mipangilio ya mifereji katika aina nane.

Katika picha ya kawaida ya eksirei, mfereji mmoja huweza kujificha nyuma ya mwingine. Ndiyo maana madaktari hupiga picha kutoka pembe tofauti au hutumia hadubini.

Mfereji ukiachwa, bakteria husalia humo na usaha huweza kutunga kwenye ncha ya mzizi. Hata hivyo, si lazima jino hilo ling'olewe. Mara nyingi huokolewa kwa kutibiwa upya.