Mkazo wa moyo

Neno "mkazo", katika kipimo cha mkazo wa moyo, halimaanishi msongo wa mawazo, kama mgonjwa wa Kitale au Bungoma anavyoweza kudhani, bali ni kazi ambayo moyo hutwishwa makusudi, chini ya uangalizi wa daktari. Katika utaratibu wa mwaka 1963 wa Robert Bruce, daktari wa Marekani, mgonjwa hutembea juu ya mkanda wa mashine unaoongezewa kasi na mwinuko kila baada ya dakika 3, huku nyaya za kifuani zikinakili umeme wa moyo, ili dalili za mishipa iliyosinyaa, ambazo hujificha mtu apumzikapo, zijitokeze. Anayeumwa kifua hata akiwa ametulia asisubiri kipimo hiki, awahishwe hospitali.